Ubeti wa Tatu

Spika ya simu huwa naijaribu kwa wimbo wowote ninaoukuta humo ndani. Mafundi wengine wana wimbo wao mmoja wa majaribio, mimi naona ni adabu kusikiliza anachosikiliza mteja, na nikisema ukweli wote, ni umbea pia. Mwezi wa sita mwaka huu binti mmoja mwanafunzi aliniletea simu hapa kibandani kwangu Kashai, spika inakwaruza, akaniachia akakimbilia darasani. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga, nikabonyeza wimbo wa kwanza ulio juu. Likatoka gitaa la umeme lililokwaruza kuliko hata ile spika mbovu, nyuma yake ngoma zinapigwa bila haraka, halafu sauti ya mwanamke ikasema, wala haikuimba, kwamba mvua imeingia chumbani na yeye amelala na viatu kwa sababu hana wa kumwambia avue. Nina miaka hamsini na ushee na sina subira na muziki wa kulalamika. Nilinyoosha kidole nizime. Sikuzima. Binti aliporudi saa nane alinikuta nimeinamia simu yake, nimefika wimbo wa sita, na wateja wengine wawili wamekaa kwenye benchi wananitazama kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba.

Albamu hiyo inaitwa Chumba cha Nyuma. Ina nyimbo tisa. Mwimbaji ameirekodi mwenyewe na marafiki zake wawili, haina kampuni nyuma yake, redioni haipigwi, vijana wanarushiana tu kwenye simu. Humo anasema alivyokunywa pombe mwaka mzima akiwadanganya watu kwamba ana malaria. Anasema alivyompiga mama yake kofi, na mama yake ndiye aliyeomba radhi. Mambo ambayo sisi tungemnong'oneza padri kwenye kitubio, yeye anayapigia ngoma. Sijui kwa nini kitu kama hicho kinampendeza mzee kama mimi, lakini kilinipendeza mno, nikamwomba yule binti anirushie zote. Tangu siku hiyo nafungua kibanda nayo na nafunga nayo. Jirani yangu muuza mkaa anasema nimepata mchumba kwenye simu. Namwacha aseme.

Wimbo wa tisa nilikuja kuusikia siku ya pili. Kabla haujaanza, yule mwimbaji anaongea kidogo, sauti yake iko karibu kana kwamba ameegemea kaunta yangu. Anasema: "Huu ni wa baba. Alikuwa akiniimbia kule Ngenge tukipalilia mahindi. Una beti tatu, alinipa mbili. Ubeti wa tatu alisema si wake kunipa, upo kwa mtu Bukoba." Halafu gitaa likaanza, safari hii halikwaruzi, ni gitaa la mbao, na mimi nikaweka chini bisibisi. Niliujua ule wimbo. Niliujua kabla huyo mwimbaji hajazaliwa. Akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, na ulipofika wa tatu akanyamaza kabisa, likabaki gitaa peke yake likizunguka mahali ambapo maneno yangekuwapo. Baba yake alikuwa Projestus, sisi tulimwita Proje. Tulikuwa tumemzika mwezi wa pili, nyumbani kwao Muleba, na mimi nilikaa nyuma kabisa kwenye miti ya kahawa, nikaondoka kabla ya chakula. Huyo mtu wa Bukoba ni mimi. Nilikaa na ubeti huo tangu Juni hadi Novemba bila kumwambia mtu, kwa sababu kuutoa ni kukiri makosa mawili kwa mpigo, na yote mawili yana zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka ninaousema ni wa miaka ya tisini, mimi na Proje tukiwa na ishirini na moja. Tulipanga chumba kimoja hapahapa Kashai, kwa Mama Zamda, mwanamke mmoja mkali wa usafi ambaye kila Ijumaa alitugawia pilau kwenye bakuli moja na kutuonya tusigombanie nyama. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na dirisha moja la mbao. Katikati, juu ya sanduku la bia lililofunikwa kitambaa cha kufuma, ilikaa redio kaseti yangu ya milango miwili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilirekodi kwaya, nilirekodi harusi, nilinakili kaseti za watu. Proje alibeba magunia bandarini Kemondo, akirudi jioni ananuka kahawa mpaka kwenye nywele, anaoga, anapika chai, anashika gitaa. Na gitaa lake lilikuwa na ila moja, halikuweza kusema uongo. Wenzake walitunga nyimbo za mapenzi ya kufikirika. Proje aliimba kwamba leo msimamizi amemtukana na yeye amecheka ili asifukuzwe. Aliimba kwamba Deo, yaani mimi, ameongeza maji kwenye chai ya maziwa na anajifanya hakuongeza. Tulicheka sana. Nilikuwa sijafikiria bado jinsi ilivyo kukaa chumba kimoja na mtu wa namna hiyo ukiwa na kitu cha kuficha.

Dada yake Proje, Justa, alikuja kutuona Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu nyumbani kwao, mrefu, mwembamba, anajifunza ushonaji, na ana tabia ya kukuangalia mdomo unapoongea kana kwamba anangoja ukosee. Safari hiyo aliingia chumbani na mkungu wa ndizi kichwani na furushi dogo la jani la mgomba mkononi. Mkungu alimpa kaka yake. Furushi akaniwekea mimi mapajani. Ndani mlikuwa na senene waliokaangwa, wekundu kidogo, wana chumvi na kitunguu. Hapa sina budi kueleza, maana vijana wa sasa wananunua senene kwa kikombe stendi na hawaulizi. Kwetu zamani senene waliokotwa na wanawake, alfajiri, kule rweya kwenye nyasi zenye umande, na wenyewe hawakuruhusiwa kula. Walimpelekea mwanamume, na mwanamume akishakula ilimpasa kumnunulia huyo mwanamke nguo mpya. Mke humpelekea mume. Lakini msichana akimpelekea kijana ambaye bado si kitu kwake, hilo ni swali, na kijana akila, amejibu.

"Umeokota mwenyewe?" nikamuuliza.

"Nimelowa mpaka magotini. Unakula au unahoji?"

"Proje, nile?"

Proje alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Mimi nimepewa mkungu. Hayo mengine msiniingize."

Nikala. Justa naye akachukua mmoja, akamtafuna mbele yetu huku anacheka, hajali mwiko. "Kitenge," akasema. "Sitaki kilichoshonwa. Niletee kitambaa, nitashona mwenyewe. Na kiwe cha bluu." Nikamwambia mwezi wa kwanza. Siku ile tulikula ndizi na samaki furu wa kukaushwa, sote watatu kwenye sufuria moja, na Mama Zamda alipita mlangoni akasema harusi hii naomba nipike mimi. Nimekula vyakula vingi tangu siku hiyo, vingine kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani. Bado nikiulizwa chakula kitamu ni kipi, najiona nimekaa kwenye kitanda cha kamba, vidole vina mafuta.

Mwezi wa kwanza sikununua kitenge, nikasema wa pili. Wa pili Proje akarudi kutoka nyumbani akasema Justa anakohoa. Masika yakaingia, akawa hakohoi tu, anakonda, mdomo una vidonda. Mtu ambaye hakuishi Kagera miaka ile hawezi kujua jinsi habari ndogo kama hiyo ilivyoweza kunyamazisha chumba. Tulikuwa tumeshazika sana. Kila mmoja alijua dalili kuliko daktari, na hakuna aliyetamka jina. Watu walisema "ule ugonjwa", walisema "amerogwa na jirani kwa sababu ya mpaka", na kwenye mazishi, msomaji wa historia ya marehemu alisoma kwamba aliugua kwa muda. Ndivyo ilivyoandikwa kwa kila mmoja, aliugua kwa muda. Mimi na Justa hatukuwahi kulala pamoja, na hilo nalisema si kwa kujitetea bali kwa sababu ndilo lililokuwa la kwanza kuja kichwani mwangu nilipopata habari, kabla sijamhurumia, na sijaacha kulionea aibu.

Lakini sikuogopa ugonjwa. Niliogopa kuhesabiwa. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza, Proje yuko Kemondo, na upande wa pili wa ukuta Mama Zamda alikuwa anachambua mchele na shoga yake. Ukuta ule ulikuwa wa tofali moja, ukipiga chafya wanakujibu.

"Dada wa yule mbeba magunia," shoga akasema, "nasikia ndiyo hivyo tena."

"Mungu amwonee huruma. Msichana wa watu, mpole."

"Na huyu kijana wa redio si ndiye mchumba wake?"

"Alikuwa anakuja hapa."

"Basi na huyo tumtazame tu."

Mchele ukaendelea kupepetwa. Hawakusema kwa ubaya, na Ijumaa iliyofuata Mama Zamda aliniletea pilau kama kawaida. Ila nilitazama lile bakuli nikaona ni jingine, si letu la siku zote. Huenda letu lilikuwa limevunjika tu. Sikuuliza. Kuanzia hapo nilianza kujitazama kwenye kioo cha kunyolea kila asubuhi, na nikajiambia kwamba mtu atakayeniona nikiingia kwenye chumba cha Justa atakuwa amepata uthibitisho wake. Proje alinipa salamu zake mara tatu. "Justa anakuulizia," anasema, na mimi nasema kuna kwaya, kuna harusi, kuna kaseti za kunakili. Mara ya nne hakunipa salamu. Aliniambia tu kwamba nyumbani shangazi zake wamemtengea Justa sahani yake, yenye ukingo mwekundu, inaoshwa peke yake na kuwekwa peke yake juu ya mtungi, na kwamba yeye akiwa nyumbani anakula kwenye hiyohiyo, chakula kilekile, kijiko kilekile. Akanitazama. Nikatafuta bisibisi.

Mwezi wa saba nilinunua kitenge. Cha bluu, kina maua madogo ya njano, na mwenye duka alinihakikishia hakichuji. Nikaenda Muleba peke yangu siku ambayo nilidhani Proje yuko kazini. Nilipita kwenye kibanja chao kwa nyuma, katikati ya migomba, badala ya njia ya mbele. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za udongo na bati, na chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha dogo lililoelekea hukohuko migombani, liko wazi. Nikasimama kwenye mti wa kahawa, hatua kama kumi na tano. Niliweza kuona ukingo wa kitanda na kona ya blanketi. Jikoni mlikuwa na moto wa kuni mbichi, moshi ukashuka kwenye migomba, ukanipalia, nikakohoa. Ndani sauti ndogo ikasema kitu nisichokisikia. Halafu sauti ya mama yao, hii niliisikia vizuri, ikasema, "Hakuna mtu, lala." Nikangoja nijisogeze. Miguu haikwenda. Nikakitundika kile kitenge kwenye tawi la mbuni, nikarudi njia niliyokuja.

Justa alikufa mwezi wa nane. Nilikwenda mazishini na kundi la vijana wa Kashai, nikiwa katikati yao ili nisionekane peke yangu. Msomaji akasoma kwamba aliugua kwa muda. Wiki kadhaa baadaye, siku ya Jumapili, Proje alirudi chumbani, akaziba dirisha kwa blanketi ili kelele za nje zisiingie, akaniambia niweke kaseti mpya. Nilifurahi, nilidhani tunarudi kuwa kama zamani. Nikabonyeza, nikampa ishara. Akaimba.

Dada yangu amekufa kwa UKIMWI,
nalitaja jina kwa kuwa hamkulitaja.
Mlisoma kwamba aliugua kwa muda.
Muda hauui mtu.

Ubeti wa pili ulikuwa wa ile sahani, jinsi alivyokula humo akashiba na bado yupo. Mimi nilikuwa natazama sindano ya sauti inavyocheza, maana ndiyo kazi yangu. Halafu wa tatu, bila kunitazama, bila kupandisha sauti.

Kitenge kilifika, kikaning'inia kwenye mbuni,
mwenye kitenge hakufika.
Dada akauliza, nani anakohoa nje?
Mama akasema, hakuna mtu, lala.

Siku ile ya mwezi wa saba hakuwa Kemondo. Alikuwa jikoni, kwenye ule moshi. Alimaliza kupiga, akaacha nyuzi zinyamaze zenyewe, akasema, "Zima, Deo." Nikazima. Akatoa kaseti, akachukua ncha ya kisu akavunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwake. Waliotumia kaseti wanajua, ukishavivunja mashine haikubali tena kurekodi juu yake. "Sasa haifutiki," akasema. "Ninakilie kumi. Nataka zipigwe Muleba, sokoni." Hakusema neno lolote kuhusu kitenge, si siku ile, si siku nyingine yoyote.

Nilikaa na kaseti hiyo siku sita. Nilijiambia mengi, kwamba mama yao ataumia, kwamba watu watamwona Proje mwendawazimu, kwamba dada wa watu aachwe apumzike. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Jumamosi ikaja kwaya kurekodi. Kaseti tupu nilikuwa nazo. Nikachana karatasi ya daftari vipande viwili, nikavikunja vidogo, nikavishindilia kwenye yale matundu mawili mgongoni mwa kaseti ya Proje, mashine ikadanganyika, ikakubali. Kwaya ikaimba vizuri sana siku ile. Nakumbuka sauti ya kwanza ilikuwa na msichana mwenye kipaji. Proje aliporudi nikamwambia nimekosea, nilidhani ni kaseti tupu. Akaichukua, akaigeuza. Nilikuwa nimesahau kutoa zile karatasi. Alizichokonoa kwa ukucha, moja, halafu ya pili, akaziweka mezani mbele yangu zimekaa sambamba. "Sawa," akasema. Kabla senene hawajaanza kuanguka mwaka ule alikuwa amehamia Ngenge kulima, na gitaa alilibeba mgongoni. Nilisikia baadaye kwamba hakupiga tena mbele za watu. Ninyi mnaosoma hamjui alivyopiga, ndiyo maana mtaona ni jambo dogo. Mimi najua nilichofuta.

Kaseti hiyo ninayo hadi leo. Kwaya yenyewe ilimaliza mapema kuliko wimbo wa Proje, kwa hiyo mwishoni, baada ya Amina, kuna kimya kifupi, halafu sekunde chache za gitaa, na sauti ya kijana inasema, "Zima, Deo." Nimeisikiliza mara ngapi sitaki kusema.

Novemba hii nilikwenda Muleba. Nilinunua kitenge kingine njiani, kisha nikaona nafanya maigizo, nikamwachia mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nilifika saa nne asubuhi nikiwa na redio ndogo ya kaseti kwenye mfuko wa rambo na kaseti mfukoni mwa shati. Nilikuwa nimekusudia njia ya mbele. Miguu ikanipeleka kwa nyuma, migombani, mpaka kwenye mbuni uleule, umezeeka, umekatwa ukachipua tena. Nyumba sasa ni ya tofali za kuchoma lakini chumba cha nyuma kiko palepale, na dirisha lake liko palepale. Nikasimama. Uso wa mwanamke mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani ukatokea dirishani, ukanitazama kwa muda mrefu. Nilijua ni mama yao Justa, ingawa mazishini mwezi wa pili sikudiriki kumsogelea.

"Deo," akasema. "Mlango uko mbele, waitu, wewe wa kwetu."

Nikazunguka. Koku, binti wa Proje, alinipokea mlangoni, nywele fupi, fulana yenye madoa ya rangi ya ukuta, akanipigia goti kidogo akasema shikamoo baba kama mtoto yeyote wa kwetu, na mimi niliyemsikia akikiri mambo yake yote kwa miezi mitano nikashindwa pa kuweka macho. Wakanileta moja kwa moja chumba cha nyuma kwa sababu ndiko wanakoshinda. Humo ndimo alimorekodi ile albamu. Godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, nyaya ziko sakafuni, na bado kuna kitanda, na bibi yake hukaa hapo akichambua maharage wakati mjukuu anafanya kazi. Akanipa kahawa za kutafuna kwenye kifuko cha majani. Nikatafuna moja, nikasema yote. Nilianza na kaseti, maana kosa hilo lilikuwa jepesi zaidi. Nikawasha redio, nikaacha kwaya ipite, tukangoja wote watatu mpaka kwenye lile gitaa, mpaka kwenye "Zima, Deo". Koku akaomba nirudishe. Nikarudisha. Akafunika uso kwa mikono, hakulia kwa sauti. Hakuwahi kumsikia baba yake akiwa kijana.

Ubeti nikausema tu, sikuuimba, nikiangalia sakafu. Nilipofika pale kwenye "hakuna mtu, lala" mama yake Proje akaacha kuchambua maharage.

"Sivyo," akasema.

"Mama, ndivyo alivyoimba. Na mimi mwenyewe nilikusikia."

"Ulinisikia, ndiyo. Proje alikuwa jikoni, naye alisikia mwisho tu." Alipiga kitanda kwa kiganja. "Justa alikuwa amelala hapa, kichwa huku. Hakuuliza nani anakohoa. Alikuona tangu ulipotoka kwenye migomba. Akaniambia, 'Mama, Deo yupo kwenye mbuni. Usimwite. Anaogopa.' Nikamwambia nitatoka nimshike mkono nimlete. Akakataa. Akaniambia nipaze sauti niseme hakuna mtu, ili usikie, uende zako bila aibu. Nikasema. Ulipoondoka nikamletea kitenge chake. Alijifunga hukuhuku kitandani. Akasema ni bluu kweli."

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimeamini kwamba walau hakujua, na hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu, ndogo na chafu. Sasa imeondolewa, na kilichowekwa mahali pake ni kikubwa mno, sijui nikibebeje. Nililia mbele ya wanawake wawili bila kujificha. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Baada ya muda Koku akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, hayo nayo yaingie kwenye wimbo?"

"Yaingie. Lakini aimbe mwenyewe."

Nikasema mimi si mwimbaji, maisha yangu yote kazi yangu imekuwa kubonyeza. Koku alikuwa ameshachukua gitaa la baba yake. Akaweka simu kitandani, juu ya lile blanketi, akaibonyeza, akaanza kupiga taratibu akinizungushia mlango niingie. Ukapita mzunguko wa kwanza, ukapita wa pili. Nikavuta pumzi, na kabla neno halijatoka nikakohoa, kikohozi kikavu, kama siku ile. Koku akanyoosha mkono kuelekea simu ili tuanze upya.

"Acha," bibi yake akasema. "Usifute."